Nyinginezo

Mlango wa lifti umebandikwa karatasi: Mbovu.
Nikapanda.
Ngazi arubaini na moja. Nilizihesabu,
maana mwenye maradhi haya huhesabu kila kitu:
vidonge, wiki, chupa za damu ya watu asiowajua,
marafiki waliochoka kuuliza hali.

Juu kuna benchi na feni inayozunguka bila upepo.
Mzee mmoja wa Likoni, mguu mmoja,
akajivuta pembeni ili nikae.
Niliona haya kukaa.
Kusimama sikuweza.

“Umefikaje hapa?” akauliza karani, Bwana Mwakio,
macho kwenye fomu.
Kwa miguu, nikasema, kutoka Bondeni.
Akaandika: anatembea.
Kumbe swali lilikuwa mtego, nami
nimejibu kama mtoto wa madrasa, kwa kujivuna.

Fomu ina visanduku vyake. Macho. Masikio.
Viungo. Usemi. Akili.
Mimi naona. Nasikia hata nisichoambiwa.
Mikono hii hapa, miwili, inashona mabuibui;
wiki tatu inashona,
ya nne imelala kama samaki wa jana.

Chini kabisa: Nyinginezo,
na mstari wa nukta, mfupi kuliko kidole changu.

Hapo niandike nini?
Niandike kuwa damu yangu imebeba mundu?
Kuwa chembe ambazo kwa wenzangu ni mviringo kama shanga
kwangu zimejikunja, zikipita zinafyeka?
Niandike ule usiku wa Julai,
tuktuk ikinikimbiza Makadara, mama kanipakata
mimi mtu mzima wa miaka thelathini na nne,
na kila tuta la barabara
nalipokea kwa mfupa?

Nikaandika: maumivu.
Zikabaki nukta tatu.

Daktari Shamsa alikuwa mpole, hilo nalishuhudia.
“Moja hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?”
Leo?
“Leo.”
Leo ni nne.
Kalamu yake ikasita juu ya neno
ambalo nililisoma kichwa chini: mzima.

Daktari, nikamwambia, siku ya kumi mimi sipo hapa.
Siku ya kumi sipandi ngazi zenu.
Ukiitaka, ifuate Bondeni, uvue viatu mlangoni,
unikute sakafuni nimeuma leso
wanangu wasisikie.

Akanyamaza. Huko chini barabarani
muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, ka-ka-ka.
Akaigeuza fomu, upande usio na visanduku,
akaandika mistari sita
kwa ule mwandiko wao usiosomeka.
Maisha yangu yote yamo mle, na siwezi kuyasoma.

Niliomba Mfungo Mosi; kadi ikatoka Mfungo Sita.
Pesa, wanasema, zi njiani.
Jina langu, Mwanahalima Shee, wamelikosea herufi moja tu.
Mama akaipokea kwa mkono wa kulia,
akaigeuza, akaifuta kwa pindo la leso
ingawa haikuwa na vumbi.
Kisha, sauti chini:
“Usiwaonyeshe watu. Mdogo wako anakuja kuposwa Ijumaa.
Wakiuliza, ni uchovu wa cherehani.”

Nimeitia kwenye mkebe wa vifungo.

Ijumaa wakaja, na manukato yao na maswali yao.
Nikapitisha kaimati, nikapitisha chai,
sinia zito, goti la kushoto limeanza kupiga ngoma yake.
Tano. Nikaenda jikoni, nikarudi. Sita na nusu.
Mdogo wangu ndani ya ushungi wake mpya
alinitazama, akajua, akainamisha macho.

Bibi mmoja wa upande wao akanishika mkono,
akaukuta baridi, hakuuachia.
“Na wewe, mwanangu, hujambo?”

Sijambo, nikasema.
Sijambo kabisa.